Honda CG125 ya zamani inakata fyuzi nikikunja kushoto, na mara nyingine inazima kabisa. Ni nini?

#1 Mvuna_Mpunga
Habari wakuu. Niko Ifakara. Nina Honda CG125, ile ya volti 12 yenye CDI (kisanduku kinachopeleka moto kwenye plagi), niliuziwa na bwana shamba mstaafu. Injini haina neno, kiki moja inaitika. Shida ni umeme.

Nikikunja kona ya kushoto, hasa kwenye vumbi na mashimo, fyuzi inakatika. Honi, indiketa na taa ya breki vyote vinakufa. Si kila kona, ila kila ikikatika ni kona ya kushoto. Kuna wakati injini nayo inazima palepale. Nikinyoosha usukani nikapiga kiki inawaka kama hakijatokea kitu.

Mengine: nikiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia mbele nayo inawaka kwa mbali. Taa kubwa inafifia nikiwa nimesimama, nikivuta mafuta inakuwa kali.

Fundi wa kwanza alibadilisha regyuleta (kidhibiti cha volti), hali ikabaki ileile. Wa pili kasema ninunue wayaringi nzima, yaani nyaya zote. Kabla sijatoa hela nimeona niwaulize.

#2 MpitaNjia
Nimevuta kigoda. Yangu nayo ina mambo hayahaya.

#3 SpanaKumi
Pole mkuu. Anza shingoni. Vua taa kubwa, vua tanki, fuata wayaringi inapopita kando ya shingo ya fremu. Kila ukikunja usukani nyaya nazo zinakunjwa, na hiyo pikipiki imekunjwa kwa miaka. Utakuta ganda limelika, shaba inachungulia. Ukienda kushoto inagusa chuma, fyuzi kwaheri. Wayaringi nzima ya nini? Huyo fundi ana haraka ya kufunga kazi.

#4 Ngurumo65
Naomba kutofautiana na SpanaKumi. Taa kupanda na kushuka ni dalili ya chaji. Regyuleta mbovu inaachia volti nyingi, fyuzi haivumilii. Na ile uliyofungiwa huenda ni ya bei ya kutupa. Tafuta nzuri, ufunge, ulale.

#5 BintiKabureta
Ngurumo65 hapana kaka. Kwenye hizi CG nyingi taa kubwa haili betri. Inakula umeme wa magneti (jenereta ndogo ya injini) moja kwa moja, ndiyo maana inafuata mwendo wa injini. Betri ni ya honi, indiketa, taa ya breki na ile ya nyutro.

Mvuna_Mpunga, nijibu mawili. Fyuzi ikikatika huku injini inaunguruma, taa kubwa inabaki au inaondoka? Na ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa kubwa inawaka?

Halafu regyuleta iliyopiga shoti ndani ingekata fyuzi hata pikipiki imeegeshwa chini ya mwembe. Yenyewe haijui kushoto wala kulia.

#6 Mvuna_Mpunga
Injini ikiwa haijazima, taa kubwa inabaki. Bila injini haiwaki kabisa, hata kwa mbali. Nilidhani huo nao ni ugonjwa.

#7 BintiKabureta
Huo ndio uzima wake. Basi taa kubwa tuitoe kwenye kesi. Ukitaka kuua kabisa hoja ya regyuleta, weka mita kwenye betri. Injini imezima, betri iliyoshiba isome karibu 12.6. Ukiwasha na kuvuta mafuta kiasi ipande 13.5 mpaka 14.5. Ikivuka 15, hapo nitamwomba Ngurumo65 radhi.

#8 Jirani_Mwema
Ngurumo65 sogea huku ukae kwenye kigoda na MpitaNjia, hapo mbele pana moto 😂

#9 Mzee wa Platini
Vijana mmeongea vizuri ila kuna jambo mmeliruka, na ndilo linalonisumbua mimi. Kwa nini injini inazima?

CDI ya aina hii haitegemei betri. Ina koili yake kwenye magneti, waya wake ni mweusi wenye mstari mwekundu. Toa betri uiweke mezani, piga kiki, CG itawaka. Kwa hiyo fyuzi kukatika peke yake HAIWEZI kuzima injini hii. Ikizima, kuna kitu cha pili kimetokea.

Kitu hicho nakijua kwa rangi: waya mweusi wenye mstari mweupe, unaotoka kwenye CDI kwenda kwenye swichi ya funguo kule mbele. Ukizima funguo, swichi inaupeleka ule waya kwenye bodi (chuma cha pikipiki), moto wa plagi unakufa. Waya huohuo ukichubuka njiani ukagusa fremu, CDI inaona umezima funguo. Wewe uko kwenye kona unashangaa.

Sasa tazama kinachopita pale shingoni kwenda kwenye swichi. Mwekundu wa betri. Mweusi unaorudi na umeme baada ya kufungua funguo. Mweusi-mweupe wa kuzima. Na kijani, ambao ni athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Wote ndani ya soksi moja. Mweusi ukigusa chuma, fyuzi inakatika. Mweusi-mweupe ukigusa, injini inazima. Ikigusa yote miwili, unapata hadithi ya Mvuna_Mpunga nzima nzima.

Kipimo: chomoa mweusi-mweupe palepale kwenye CDI, ufunge tepu ncha zake, uende kukunja kona. Injini isipozima tena, mhalifu ni waya huo au swichi yake. Ila jua kabisa kwamba funguo haitazima pikipiki. Ukitaka kuizima weka gia ya 4, kamata breki, achia klachi taratibu.

#10 Jirani_Mwema
Shikamoo mzee. Hiyo ya kuzima kwa gia niliwahi kuifanya mbele ya mama mkwe, akauliza kama nina leseni.

#11 Mzee wa Platini
Marahaba. Na jibu ulimpa?

#12 Breki_Kwanza
Nimesoma #9 nimevua kofia. Lakini nina swali moja dogo ambalo linaweza kupindua meza.

Mvuna_Mpunga, ukiingia kona ya kushoto yenye mashimo, huwa unashika breki? Bila shaka unashika. Sasa mnajuaje ni usukani na si breki? Waya wa taa ya breki, kijani wenye mstari wa njano, unakwenda mpaka nyuma chini ya madigadi. Hapo unapita karibu na tairi, unapigwa na mawe na tope. Ganda likilika, waya unakaa tu kimya kwa sababu hauna umeme mpaka uguse breki. Ukigusa breki huku nyuma inaruka kwenye shimo, fyuzi imeondoka.

Nina Honda XL ya zamani ilinisumbua hivyohivyo. Kila mtu alikuwa anafungua shingo, kumbe ugonjwa uko mkiani.

#13 SpanaKumi
Breki_Kwanza, kona ya kulia haina breki?

#14 Breki_Kwanza
Sisi tunaendesha kushoto. Kona ya kushoto ni fupi, unaibana, unashika breki zaidi. Ya kulia ni ndefu, unaachia inateleza. Tena ukienda kushoto unapita pembeni mwa barabara palipo na mashimo yote. Fikiria.

#15 BintiKabureta
Hoja nzuri, naiongezea chumvi. Ukienda kushoto unawasha nini? Indiketa ya KUSHOTO. Kwa hiyo kona ya kushoto ina mambo matatu kwa pamoja: usukani, breki na indiketa. Waya wa indiketa ya kushoto kwenye Honda ni wa rangi ya chungwa, wa kulia ni bluu ya maji. Hii pikipiki imewahi kuanguka upande wa kushoto? Shina la indiketa likigeuka kidogo, waya unabanwa kati ya shina na bodi ya taa.

Na ile ya kulia kuwaka kwa mbali si shoti, ni athi. Indiketa mbili za mbele zinarudisha umeme kwa njia moja. Njia hiyo ikiwa mbovu, umeme unatafuta pa kurudia, unapita kwenye balbu ya jirani. Ndiyo unaona inawaka kizembe.

#16 Mvuna_Mpunga
Asanteni sana. Majibu: breki nashika. Indiketa nawasha nikiwa mjini tu, huku mashambani nani anamwonyesha nani. Kuanguka imeanguka, ina mkwaruzo kwenye hendeli ya kushoto, ila tangu mikononi mwa mwenye nayo wa kwanza.

#17 BintiKabureta
Sasa ile ya mashambani inakata fyuzi au haikati?

#18 Mvuna_Mpunga
Inakata. Zaidi hata ya mjini.

#19 BintiKabureta
Basi indiketa naishusha cheo, sijaifukuza.

#20 Stima_Kitui
Habari zenu majirani. Naandika kutoka Kitui. Hiyo nduthi (pikipiki) yako swichi ya funguo iko salama? Huku watu wa boda wanatundika funguo za nyumba, za duka na za kufuli la geti kwenye funguo moja ya pikipiki. Uzito unaning'inia, kwenye mashimo unacheza, swichi ndani inalika. Sahani ya shaba ikilegea inaweza kuunganisha vitu visivyofaa kuungana. Inagusa ule waya wa kuzima, injini chini. Jaribu kutikisa funguo injini ikiwa inaunguruma.

#21 Mzee wa Platini
Stima_Kitui ana hoja. Na hoja yake haipingi yangu, waya ni uleule, tofauti ni mwisho upi una kidonda. Kipimo changu cha #9 hakiwezi kutenganisha waya na swichi. Ili utenganishe, rudishia CDI, kisha chomoa soketi ya swichi ya funguo ndani ya bodi ya taa. Injini itawaka kwa kiki kwa sababu hakuna wa kuizima. Kunja usukani. Ikizima, ni waya wa shingoni. Isipozima, kamata swichi.

#22 Chumvi_Tanga
Huku kwetu pwani tungekwisha funga mjadala zamani. Athi. Nyaya za kijani zikiisha ndani hazipigi kelele. Unakata ganda unakuta shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi tatu ndizo zimeshika. Injini inazima kwa sababu CDI imekosa athi.

#23 SpanaKumi
Chumvi_Tanga, athi ya CDI haipiti shingoni. CDI iko nyuma, chini ya tanki, kijani chake kinashika bodi hukohuko. Kijani cha shingoni kikifa zitakufa za mbele: honi, indiketa, spidomita. Na athi mbovu haikati fyuzi. Athi mbovu inapunguza umeme, haiongezi. Ila kwa ile indiketa ya kulia nakubaliana na wewe na Binti.

#24 Chumvi_Tanga
Kuna watu wamehamisha CDI. Kuna watu wamekata nyaya na kuunga kijani na chochote. Pikipiki ya miaka hiyo imepita kwa mafundi wangapi? Unayasema hayo kama vile imetoka kiwandani jana.

#25 SpanaKumi
Hapo umenikamata.

#26 Mtoto_wa_Stendi
Mnajisumbua na vipimo. Chukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, zungushia fyuzi, twende kazi. Mwaka wa pili huu.

#27 Mzee wa Platini
Mvuna_Mpunga USIFANYE HIVYO. Fyuzi ya ampia 10 inakatika ili waya usiungue. Ukiweka karatasi ya fedha au kipande cha waya, kinachofuata kukatika ni waya wenyewe, chini ya tanki la petroli. Nimeona wayaringi iliyoyeyuka mpaka nyaya zote zikawa donge moja. Mwenye nayo alikuwa amefunga fyuzi ya 30 "ili isisumbue".

#28 Jirani_Mwema
Mtoto_wa_Stendi, unaegesha wapi? Tujue pa kutoegesha.

#29 Mzee wa Platini
Sasa njia ya kutafuta shoti bila kumaliza fyuzi dukani. Chukua balbu ya breki ya volti 12, wati 21, na nyaya mbili. Toa fyuzi, weka balbu mahali pake, mguu mmoja huku mwingine kule. Fungua funguo. Taa ya nyutro itawaka, balbu yako itakaa kimya. Hiyo ni sawa. Penye shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote, na haitaungua kitu kwa sababu balbu yenyewe inazuia umeme usimiminike.

Kisha anza kusumbua: kunja usukani, bana wayaringi kwa vidole kila inchi, tikisa madigadi, mwambie mtu akalie kiti cha nyuma aruke ruke. Balbu ikiwaka ghafla, mkono wako uko kwenye kidonda.

Angalizo: ukikanyaga breki balbu mbili zitagawana umeme, zote zitawaka nusunusu. Usiruke ukadhani umepata shoti. Shoti inawaka kali.

#30 MpitaNjia
Mzee hii peke yake ina thamani ya kigoda changu. Naihifadhi.

#31 Ngurumo65
Kwa kuwa mnapima, pima na koili za magneti. Ncha moja ya mita kwenye waya mweupe, nyingine kwenye bodi. Ikisoma, koili imepiga shoti na bodi, tupa.

#32 BintiKabureta
Kaka Ngurumo, hiyo ni kweli kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye magneti, zile za fezi tatu. Zile hazitakiwi kugusa bodi hata kidogo. Magneti ya CG ncha moja ya koili imefungwa kwenye bodi kwa makusudi. LAZIMA isome. Ukiitupa kwa sababu hiyo unatupa mzima.

#33 Ngurumo65
Sawa mwalimu. Ila nasema bado, fundi aliyebadilisha regyuleta hakupima volti. Tunajuaje ile mpya ni nzima?

#34 BintiKabureta
Hapo sina ubishi. Mvuna_Mpunga pima betri, usituache tubishane hewani.

#35 Panya_Buku
Wakuu mmesahau mhusika mkuu. Jamaa yuko Ifakara na jina lake ni Mvuna_Mpunga. Pikipiki inalala wapi? Kama inalala chumba cha magunia, hapo chini ya siti kuna familia. Panya anapenda ganda la waya kuliko mpunga wenyewe. Vua siti uangalie kama kuna makapi na vinyesi.

#36 Mvuna_Mpunga
Inalala stoo ya mpunga. Nacheka huku naogopa.

#37 Jirani_Mwema
😂😂😂 na jina la mtoa hoja lenyewe ni Panya_Buku. Ndugu zake anawataja hadharani.

#38 Mvuna_Mpunga
Wakuu nimerudi. Nimeshinda uwanjani na kijana wa jirani.

Betri: imezima 12.5. Injini ikivutwa 14.2. Kwa hiyo regyuleta naona iko salama.

Chini ya siti: makapi yapo, vinyesi vipo. Waya mmoja wa kahawia umetafunwa ganda upande mmoja, shaba inaonekana kama urefu wa punje. Nimeufunga.

Kuzima kwa injini: nikiwa nimesimama, nikikunja kushoto mpaka mwisho na kuubana usukani, injini inapiga chafya na mara nyingine inazima. Nikachomoa mweusi-mweupe kwenye CDI kama mzee alivyosema. Nimekunja nimechoka, haikuzima. Hapo nikafurahi.

Balbu: nikikunja usukani kushoto, kulia, HAIWAKI. Nimebana wayaringi shingoni, kimya. Kijana akakalia nyuma akaruka ruka, ikawaka kali mara moja halafu ikazima. Tumerudia ruka ruka, haikuwaka tena. Sikuwa nimeshika breki, nina uhakika, mikono yangu ilikuwa kwenye wayaringi.

#39 Breki_Kwanza
Mkiani! Nilisema mimi.

#40 SpanaKumi
Pole pole. Injini imethibitika ni shingoni. Fyuzi haijathibitika.

#41 BintiKabureta
Na Breki_Kwanza usishangilie mapema. Amesema hakushika breki. Waya wa breki bila breki hauna umeme, ulisema mwenyewe #12. Kwa hiyo kilichogusa huko nyuma si waya wako, labda swichi ya breki ya nyuma iwe inajishika yenyewe kamba ikivutika pikipiki inaporuka.

#42 Breki_Kwanza
Inajishika hiyo! Springi yake ikikazwa sana, mtu akikaa nyuma taa ya breki inawaka yenyewe. Chomoa swichi ya nyuma na ya mbele zote, tembea siku kadhaa. Fyuzi ikitulia utaniletea mchele.

#43 Panya_Buku
Waya wa kahawia ni wa taa ya nyuma. Umetafunwa. Uko chini ya siti. Kijana karuka juu ya siti. Naomba mahakama ifunge kesi.

#44 Mzee wa Platini
Panya_Buku, kwa pikipiki hii taa ya nyuma inalishwa pamoja na taa kubwa, kutoka kwenye magneti. Injini ilikuwa imezimwa wakati wa kipimo cha balbu, waya wa kahawia ulikuwa hauna kitu. Hata ukigusa bodi, fyuzi haihusiki. Ila kama amekuta mmoja umetafunwa, jirani yake mweusi au mwekundu anaweza kuwa ameonjwa upande usioonekana. Geuza wayaringi yote, usiangalie juu tu.

Mimi bado nasema kidonda cha fyuzi kiko kati ya betri na shingo. Mtu akiruka nyuma, mbele nako kunaruka. Mtikisiko hauna anwani.

#45 Chumvi_Tanga
Na nyaya za betri? Kuna boksi la chuma la betri. Waya mwekundu ukipita kwenye ukingo wa boksi lile, mtu akiruka kwenye siti, siti inaubana. Nimekuta hiyo kwenye pikipiki zaidi ya moja.

#46 Stima_Kitui
Hiyo ya boksi haikati fyuzi ikiwa inagusa kabla ya fyuzi. Ikigusa hapo waya unatoa moshi tu, fyuzi inatazama. Baada ya fyuzi, ndiyo. Na hapo CG inakuwa na kipande kifupi sana kabla ya fyuzi, kwa hiyo inawezekana.

#47 SpanaKumi
Mvuna_Mpunga, ukifungua soksi ya shingoni usiangalie ganda kwa macho tu. Shika kila waya kwa vidole viwili, uvute taratibu. Waya mzima unakataa. Ulioachana ndani unavutika, ganda linakuwa jembamba katikati kama mpira wa manati. Hapo shaba ilishakatika zamani, kinachoonekana ni ganda tupu. Kagua hivyo na kile kijani, ndipo utapata jibu la indiketa.

#48 Mvuna_Mpunga
Nimefungua. Mweusi-mweupe umelika kwelikweli, una alama nyeusi ya cheche, na kwenye fremu kuna alama inayolingana nayo. Kijani kinavutika kama ulivyosema. Mweusi na mwekundu hapo shingoni ni wazima, nimevuta nimegeuza. Sasa niunge vipi? Fundi hapa anasokota na kutepu.

#49 Ngurumo65
Lehemu kwa risasi. Kusokota na kutepu ni kuahirisha.

#50 SpanaKumi
Lehemu, lakini si pale panapokunjwa. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama kijiti, kisha unavunjika pale risasi ilipoishia. Shingoni kata mbali zaidi, weka kipande kirefu cha waya laini wenye nyuzi nyingi, maungio yakae ndani ya bodi ya taa upande mmoja na chini ya tanki upande mwingine. Katikati pasiwe na ungio lolote.

#51 Chumvi_Tanga
Mimi nabana kwa terminali na plaizi, silehemu kabisa. Zinadumu. Ndani napaka mafuta ya mgando ya kujipaka kidogo, maji yasiingie.

#52 BintiKabureta
Yale ya kujipaka yanayeyuka jua la mchana na kuvuta vumbi. Grisi ya umeme ipo, bei yake haiumizi.

#53 Chumvi_Tanga
Ipo Kariakoo. Si kila mtu anakaa Kariakoo, dada.

#54 Jirani_Mwema
Na mkimaliza kuunga msimpeleke akaoshe kwa mashine ya presha. Vijana wa kuosha wanalenga swichi kama wanazima moto.

#55 MpitaNjia
Swali la pembeni. Hizi CG za Japani na hizi za Kichina tunazotumia boda, wayaringi zinaingiliana?

#56 Mzee wa Platini
Nyingi za Kichina zenye injini ya fimbo (valvu zinasukumwa na fimbo) zimeiga CG, na rangi za waya wamefuata za Honda kwa sehemu kubwa. Soketi ndizo zinakataa. CG ilitoka 1976, za mwanzo zilikuwa volti 6 na platini (swichi ya kuwasha plagi kabla ya CDI), ndipo jina langu lilipotoka. Wahandisi waliifanya ya fimbo kwa kuwa walijua itapelekwa kwa watu wasiobadili oili kwa wakati, na shafti ya valvu ikiwekwa juu haivumilii hilo. Pakistan wameendelea kuiunda miaka yote hii. Kwa hiyo spea zipo, msikubali kuambiwa hazipatikani.

#57 Ngurumo65
Mzee, platini na CDI ipi bora?

#58 Mzee wa Platini
Anzisha uzi wake, hapa tutakesha.

#59 Mvuna_Mpunga
Mrejesho. Nimeunga kama SpanaKumi alivyoelekeza. Injini haizimi tena, nimeibana kila upande. Indiketa ya kulia imeacha kuwaka kwa mbali. Swichi za breki nimechomoa zote mbili kama Breki_Kwanza alivyotaka.

Jana jioni, kona ya kushoto ya kwenda shambani, fyuzi imekatika.

#60 Panya_Buku
Breki_Kwanza, mchele umeota mbawa.

#61 Breki_Kwanza
Alichomoa swichi za breki, hakuchomoa HONI. Waya wa honi umekaa mbele, chini ya shingo, unapokea mweusi moja kwa moja. Tazameni hapo.

#62 SpanaKumi
Honi inaingia akilini. Pleti yake ya kushikilia ikilegea, inageuka, terminali inabusu fremu. Na umeme uko hapo muda wote swichi ikiwa imefunguliwa, hata usipobonyeza, maana kitufe cha Honda nyingi za zamani kinakata upande wa athi.

#63 BintiKabureta
Kama ni hivyo kwa nini balbu iliwaka mtu aliporuka nyuma, na si usukani ulipokunjwa?

#64 Chumvi_Tanga
Boksi la betri. Nasubiri.

#65 Mvuna_Mpunga
Kesho navua honi na boksi la betri kwa pamoja, nitafunga balbu tena kijana aruke. Safari hii magunia mawili nyuma, maana shambani huwa nabeba mzigo, na sasa nakumbuka hata siku zile fyuzi ilikatika nilikuwa na mzigo.

#66 Breki_Kwanza
Aaah! Mzigo! Hukusema! Madigadi inashuka kwenye tairi!

#67 Mzee wa Platini
Kijana, hilo lilitakiwa liwe #1.

#68 Kiatu_cha_Mpira
Samahani kuingilia. Yangu ni Yamaha DT125, nikibonyeza honi indiketa zinawaka zote bila kuziwasha, na honi inalia kama mbuzi mgonjwa. Nianzie wapi?

#69 Chumvi_Tanga
Athi.

#70 SpanaKumi
Safari hii namuunga mkono. Athi.